Nilivyoshindwa Kukaa Msibani

Mniwie radhi kwa mwandiko huu. Herufi zangu zinalala upande kama nguo kwenye kamba, na mahali pengine nimefuta mpaka karatasi ikatoboka. Mimi ni wa darasa la saba, na hata huko sikuwa mwepesi wa kuandika. Mkikuta neno limekosewa, lisomeni kama lilivyotakiwa kuwa, msinicheke sana. Daftari lenyewe ni la mtoto wa dada yangu. Nusu amelijaza hesabu za kujumlisha, nusu iliyobaki akanipa.

Nesi wa zahanati ndiye aliyeniambia niandike. Alisema kwenye benchi la kusubiri daktari kuna watu wengi walioambiwa wapumzike kama mimi, na hawana cha kusoma zaidi ya mabango ya ukutani. Basi nawaandikia ninyi wa kwenye benchi. Ukurasa mmoja unanichukua tangu baada ya chakula cha mchana mpaka adhana ya alasiri.

Ninaishi Mtoni, kwa bibi yangu mzaa mama. Kazi yangu ilikuwa Chang'ombe, kwenye karakana ya samani. Sikuwa fundi wa kuunda kiti, nilikuwa mpiga msasa. Kiti kikishaungwa kinaletwa kwangu kikiwa na vibanzi na alama za randa. Nakisugua kwa msasa mgumu, halafu wa kati, halafu ule laini kabisa, mpaka ukipitisha kiganja kisikwame popote. Kisha napaka vanishi. Sehemu ngumu ni miguu, kwa sababu ya mviringo wake, ndiyo maana jioni fundi mkuu alipita akiuliza swali moja tu.

"Leo miguu mingapi?"

"Thelathini na sita."

"Safi. Wewe ni mtu."

Sikumbuki kama kuna mtu mwingine aliyewahi kuniambia hivyo. Nikawa nayasubiri maneno hayo kila jioni. Siku ya miguu ishirini hakusema kitu, akapita tu, na mimi nilirudi nyumbani kwa njia ya nyuma kama mtu aliyeiba.

Lakini haya mambo hayakuanzia karakana. Tangu shuleni mimi ni mtu wa haya. Mwalimu akinisimamisha nisome, sauti inakwama kooni na darasa zima linaguna. Siku moja, nadhani kwa kunihurumia, aliniambia, "Basi futa ubao." Nikaufuta vizuri sana. Kesho yake nikaufuta kabla hajasema. Mpaka namaliza shule nilikuwa nafuta ubao, naleta chaki, nabeba madaftari mpaka ofisini, na hakuna mwalimu aliyenisimamisha tena nisome. Hapo nikajua kwamba mikono ikiwa na kazi, hakuna anayeuliza mdomo uko wapi.

Mtaani ikawa hivyo hivyo. Kwenye harusi, hitima au msiba, mimi ndiye wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka, lakini hakuna aliyewahi kuniona nimekaa. Nilisimamisha nguzo za turubai, nilipasua kuni, nilijaza mapipa ya maji, nilikoroga pilau kwenye sufuria ambalo mtoto angeweza kuoga ndani yake. Wanaume wengine wamekaa kwenye mikeka, mimi napita katikati yao na ndoo. Akina mama walikuwa wakiuliza, "Yule kijana wa kazi yuko wapi?" Nikisikia hivyo, moyo unatulia.

Mwaka huu kifua kikaanza. Kwanza kikohozi cha asubuhi, halafu cha mchana, halafu nikawa nikivuta pumzi kuna mluzi ndani. Zahanati wakapima makohozi, wakasema siyo kifua kikuu. Ni vumbi la mbao na moshi wa vanishi, miaka mitano bila kuziba pua.

"Kaa mbali na vumbi, moshi na mizigo," daktari akasema. "Miezi mitatu, halafu tutakuangalia tena."

"Sasa nifanye kazi gani?"

"Kazi yako ni kupumzika," akajibu, akaita mgonjwa mwingine. Mnaijua sauti hiyo, ninyi wa kwenye benchi.

Ubaya wa ugonjwa wangu ni kwamba hauonekani. Aliyevunjika mguu ana plasta nyeupe, watu wanampisha. Mimi nimebaki na mabega ya mpiga msasa. Siku za mwanzo nilipita kijiweni kwa vijana wa bodaboda, wakanidaka.

"Braza, leo hujaenda Chang'ombe?"

"Nimepumzika."

"Umepumzika au umepumzishwa?" Mwingine akadakia, "Hebu mcheki, kifua kama mlango wa duka! Anaumwa nini huyu? Anaumwa kazi!"

Nikacheka nao, maana sikujua kufanya kingine. Tangu siku hiyo sikupita tena pale.

Nyumbani nilitafuta kila kazi isiyo na vumbi. Nilifua nguo zilizokwisha kufuliwa. Nilipanga vyombo, nikavipangua, nikavipanga tena. Bibi anakaanga bagia za kuuza asubuhi, na kwa kuwa moshi ulinikataa, nilisubiri amalize nisugue sufuria.

"Liweke chini hilo, utalitoboa," aliniambia siku moja.

"Lina masizi, bibi."

"Masizi uliyatoa jana. Leo unasugua sufuria lenyewe."

Nikaanza kula kidogo. Akipakua nasema nimeshiba, na sijala. Sikuwa nafanya makusudi kumuudhi. Kijiko kilikuwa kizito tu, kama cha kuazima. Na ikifika saa kumi na moja jioni, muda ambao fundi mkuu alikuwa anapita, swali lilikuja lenyewe hapo nilipo: leo miguu mingapi? Najibu, hakuna. Yale maneno ya pili, yale ya kuwa mtu, hayasemwi.

Sasa niwaambie habari ya jirani. Ukuta wa chumba changu ndio ukuta wa mzee mmoja aliyekuwa bawabu wa shule mpaka akastaafu. Aliishi na mke wake. Watoto wao wote wameoa na kuolewa mbali. Miaka yote nikitoka kazini nilimkuta kwenye baraza lake, naye hakuniacha nipite hivi hivi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Simama kwanza. Viti vya leo ni vya nani?"

"Vinakwenda Msasani, mzee. Kwenye hoteli."

"Aa! Watakaa wale! Watakaa vizuri," naye anacheka mpaka kofia inasogea. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu, kila siku yale yale, na kwangu yalitosha. Mke wake, kama ni Ijumaa, alinipitishia vitumbua juu ya ukuta wa uani bila kusema neno. Naye alikuwa mtu wa haya. Tulielewana.

Wiki ya sita ya mapumziko yangu, siku ya Alhamisi saa nne asubuhi, nilisikia kilio kupitia ukutani. Mke wa mzee alikuwa amefariki, alikuwa na sukari kwa muda mrefu. Bibi alivuta kanga kwenye kamba, akatoka mbio na mafuta ya bagia yakiwa bado jikoni. Nikabaki nimesimama katikati ya chumba.

Nilivaa viatu. Hilo nalikumbuka, nilivaa viatu. Halafu vijana wakaja mlangoni.

"Kijana wa kazi! Twende tukabebe turubai!"

Sikujibu. Niliwaza, nikitoka watanipa nguzo. Nikikataa nguzo watanipa shoka. Nikikataa shoka nitasema naumwa, nao wataniangalia mabega. Wakagonga tena. Mmoja akasema, "Labda amerudi kazini," wakaondoka. Nikakaa kitandani na viatu vyangu.

Dirisha langu lina pazia jembamba. Niliwaona wakisimamisha turubai, na nguzo moja waliiweka kombo, mikono ikaniwasha. Nikaona mikeka ikitandikwa. Nikamwona mzee analetwa nje, anakalishwa chini ya turubai, amevaa kanzu na kofia yake. Watu walikuwa wanakuja, wanainama, wanampa mkono, wanakaa. Hawakuwa wakifanya chochote. Nilitamani kutoka. Lakini kutoka na mikono mitupu, nikakae pale kati ya wazee, nitasema nini? Nitaiweka wapi mikono? Watu watajiuliza huyu amefuata nini, kama siyo pilau.

Baada ya alasiri wakabeba jeneza. Nilisikia sauti zao zikienda zikififia upande wa makaburini, na mimi niko kitandani. Sikubeba. Hata nyuma sikufuata.

Bibi alilala msibani na wanawake wenzake, kwa hiyo hakujua. Alidhani niko upande wa wanaume. Ijumaa mchana alikuja kuchukua kanga ya kubadilisha, akanikuta.

"Wewe! Mbona uko humu?"

"Nimepumzika, bibi."

"Jana uliwahi mazikoni?"

Nikainamia viatu vyangu.

"Toba! Mzee kaniuliza yuko wapi mjukuu wako, mie nikamjibu yuko hapo nje na wenzake. Kumbe nimemdanganya mfiwa!"

"Bibi, mimi siwezi kubeba kitu. Ningekwenda kufanya nini?"

"Nani kakwambia ukabebe? Watu wanakwenda kukaa."

"Nikakae tu, kama gogo?"

"Kaa kama gogo! Kwani magogo wenzio hawapo? Turubai zima limejaa magogo." Alikuwa amekasirika, lakini kwenye neno la magogo mdomo ulimcheza kidogo. Halafu akaniangalia kwa muda, akasema kwa sauti ya chini, "Nenda, baba. Nenda hata sasa hivi."

Nilisema nitakwenda. Sikwenda. Siku ya kwanza nilikuwa naogopa kuonekana sina kazi. Siku ya pili nilikuwa naogopa kuulizwa jana nilikuwa wapi. Siku ya tatu, siku ya hitima, nilikuwa naogopa vyote viwili. Nikasikia dua, nikasikia sahani, nikasikia turubai likivunjwa. Watu wakaaga. Mtaa ukanyamaza.

Siku mbili baadaye nilikutana na mzee uchochoroni, anatoka msikitini. Hapakuwa na njia ya nyuma.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

Akapita. Hakusema simama kwanza. Nilibaki nimeshika ukuta, nasikiliza ndala zake zikienda. Nimewahi kutukanwa kazini, nimewahi kurushiwa kipande cha mbao, lakini hakuna kilichoniuma kama marahaba ile.

Nilirudi ndani, nikasugua sufuria. Bibi hakunikataza safari hii. Na nikiwa nasugua ndipo nikakumbuka jambo ambalo sikuwa nimeligusa kwa miaka mingi.

Mama yangu alifariki nikiwa darasa la nne, kwenye nyumba hii hii. Siku ile nilikaa kwenye kizingiti cha mlango wa nyuma. Lazima kuna mtu alisimamisha turubai. Lazima kuna mtu alipasua kuni, kwa sababu watu walikula. Simkumbuki hata mmoja. Namkumbuka mtu aliyekuja akakaa kando yangu, suruali ya kaki ya ubawabu, goti lake likigusa goti langu. Hakunipa kitu. Hakusema usilie, wala hakusema lia. Alikaa mpaka kivuli cha ukuta kikafika kwenye vidole vya miguu yetu, halafu kikapita. Miaka yote nimefikiri kwamba siku ile mzee hakuwa na la kufanya.

Nilichukua siku nne nyingine kujikusanya. Najua ni nyingi. Siku ya tano, baada ya alasiri, niliingia kwenye baraza lake. Mzee alikuwa peke yake kwenye kiti cha mbao. Kando ya mlango kulikuwa na mbuzi ya kukunia nazi, imeegeshwa kama vile mwenyewe ameingia ndani mara moja.

"Shikamoo, mzee. Pole kwa msiba."

"Marahaba. Nimeshapoa."

Hakuniambia nikae. Nilisimama. Macho yangu yakashuka yenyewe kwenye kiti chake, nikaona mguu wa nyuma umelegea na una vibanzi. Na niseme kweli: mfukoni nilikuwa na kipande cha msasa. Nilikiweka tangu nyumbani, nikijua kiti kile ni kibovu.

"Mzee, huu mguu unacheza. Nikutengenezee? Ni dakika tu."

Akaniangalia kwa mara ya kwanza.

"Umekuja kwa kiti au umekuja kwangu?"

Nikasogea, nikakaa chini kwenye baraza, mgongo ukutani. Mikono niliiweka magotini. Haikutulia. Nikaikunja, nikaikalia. Kikohozi kikanijia, nikakibana, kikatoka hivyo hivyo.

"Kifua bado?"

"Mzee unajua?"

"Bibi yako kanambia siku nyingi. Tangu ulipoacha kazi." Akatazama chini pembeni yake. "Ndiyo maana nilikuwekea nafasi."

"Nafasi gani, mzee?"

"Mkekani. Hapa pembeni yangu." Akaonyesha kwa kiganja, sakafu tupu. "Misiba yote ya mtaa huu wewe unapita na ndoo. Hata kukupa mkono mtu hawezi, mikono yako ina kitu siku zote. Nikasema, mtoto huyu sasa hawezi kubeba, safari hii atakaa na mie. Mtu akija kutaka kukaa hapo namwambia pana mwenyewe. Siku ya kwanza. Ya pili. Ya tatu wakaanza kuniangalia kama nimechanganyikiwa."

Nilitaka kusema samahani, ikakwama palepale inapokwamaga. Nilikuwa nimejificha kwa sababu sina cha kuwapa watu, na ukutani upande wa pili kulikuwa na mtu anayelinda mahali pangu, mahali patupu, kama alivyokuwa analinda lango la shule. Hakuhitaji kuni. Hakuhitaji maji. Na kile alichokihitaji nilikuwa nacho, nilikuwa nimekikalia kitandani na viatu miguuni.

"Nisamehe, mzee," nikasema mwishowe. Sauti ilitoka mbovu.

"Bado," akasema. Halafu, akijiegemeza kitini, "Lakini kesho njoo."

Tulikaa. Jirani mmoja alipita, akatusalimia. Watoto walikimbiza tairi. Ikafika saa kumi na moja, na swali likaja kama kawaida yake, leo miguu mingapi, na jibu lilikuwa lile lile. Hakuna. Nikamtazama mzee pembeni. Alikuwa amefumba macho, lakini mkono wake ulikuwa umeshuka kwenye kiti na kukaa begani kwangu, kama mtu anayehakikisha kitu hakijaondoka.

Nimekwenda kesho yake na siku zilizofuata. Siwezi kuwadanganya kwamba nimepona. Kifua bado kinapiga mluzi. Fundi mkuu amepata mpiga msasa mwingine, nimesikia anafika miguu arobaini. Vijana wa kijiweni wananiita mzee wa baraza, na wakiniita hivyo bado nainamisha kichwa. Kuna siku nakaa pale na moyo unakwenda mbio kana kwamba kuna mtu ananidai kazi, nami nahesabu matofali ya ukuta wa mbele ili nihesabu kitu. Zile siku tatu hazirudi. Mzee hajasema amenisamehe, na mimi sijauliza tena. Juzi tu aliniambia, "Simama kwanza," nikiwa natoka, kisha akakosa la kuuliza, kwa kuwa hakuna viti. Tukabaki tunaangaliana. "Basi nenda," akasema, na kofia ikasogea kidogo.

Ule mguu wa kiti bado unacheza. Msasa uko mfukoni, sijautoa.

Wiki ijayo ni tarehe yangu ya kuangaliwa tena. Wakisema nimepona sijui nitafurahi au nitaogopa. Naogopa nitarudi kwenye miguu thelathini na sita, niambiwe mimi ni mtu, nami niamini kwamba niliacha kuwa mtu miezi yote hii.

Ninyi mnaosoma kwenye benchi, nyuma ya daftari hili nimeacha kurasa nne tupu kwa makusudi. Kalamu muombeni nesi. Niandikieni mmefanyaje mlipoambiwa mkae, na mikono yenu mliiweka wapi. Jina si lazima. Mwandiko mbaya si neno, mmeuona wangu. Nitasoma yote, taratibu kama ninavyosomaga, na yale yatakayonishinda nitampelekea mzee barazani tuyasome wawili.